Mshumaa wa Stoo ya Chini

Mimi ni mwoga. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanisubiri niwe shujaa huko mbele. Karibu na kibanda changu cha maandazi kuna shule ya watoto wadogo, na kengele yao ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Ikigongwa mara moja naendelea na kazi yangu. Ikigongwa mara tatu mfululizo mikono inaanza kutetemeka na mafuta yananirukia. Wateja wananicheka, nami nacheka nao, lakini moyo unakuwa umeshaanza kutafuta pa kujificha.

Rimu kama hiyo ilikuwepo kwenye kiwanda cha mvinyo nilichofanyia kazi miaka tisa, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kule ambako siku hizi nyumba mpya zinayala mashamba ya mizabibu. Kilikuwa kiwanda kidogo cha mtu binafsi: uzio wa mabati, chumba cha matangi, mashine ya kukamulia, ofisi yenye feni. Rimu ikilia mara moja tunaanza kazi. Mara mbili, chakula. Mara tatu ilikuwa na maana moja tu: wakaguzi wa kazi wako getini, na sisi ambao hatumo kwenye orodha tupotee.

Watu wakisikia hivyo wanadhani tulisukumwa kwa fimbo. Hapana. Mara ya kwanza, kabla sijafika pale, meneja aliwaambia watu wajifiche. Baada ya hapo hakuhitaji kusema tena. Rimu ilitosha. Tulikimbia wenyewe, tena kwa mpangilio mzuri, wazee mbele, na anayechelewa tulimgombeza.

Walioandikwa walikuwa sita. Hao walikuwa na mikataba na walichangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mmoja wao akiugua, anakaa kwao mpaka apone na mshahara wake unaingia. Sisi kumi na mmoja tulikuwa watu wa msimu, ingawa msimu wetu haukuwa na mwisho. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na katikati yake kuna kuosha matangi, kuosha chupa, kubandika lebo, kuhamisha kreti. Kazi ile ile waliyofanya wale sita ndiyo tuliyofanya sisi, bega kwa bega, na jioni sisi tulipewa alichoona msimamizi kinatufaa siku hiyo. Nilianza kazi nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho. Nilipojifungua nilipumzika siku tisa, siku ya kumi nikarudi na mtoto mgongoni, maana niliambiwa kuna dada mwingine amekuja getini kuulizia nafasi. Mtoto huyo alifika darasa la tatu na mimi bado ni mtu wa msimu.

Mtu ataniuliza, sasa kwa nini mlimkimbia anayekuja kuwaandika? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi nikiwa nakanda unga. Mwaka wangu wa pili, wenzetu wanne walikutwa na mkaguzi kwenye mashine. Aliwauliza majina, akayaandika, akawaambia wasiwe na wasiwasi, haki yao itafuatiliwa. Wiki iliyofuata wale wanne hawakuitwa kazini. Hakuna aliyewafukuza, hawakuitwa tu. Basi sisi tukajifunza tulichojifunza: ukiandikwa, umekwisha. Tulimwogopa mtu wa kalamu kuliko mtu aliyetunyima mkataba.

Aliyenipokea pale alikuwa mama mmoja wa Kibakwe. Nami nitamwita hivyo hivyo, mama wa Kibakwe, kama tulivyomwita wote. Alikuwa ameteremka kutoka milima ya kwao akiwa bado kijana, akaingia kiwandani kabla hata ya uzio, na nilipofika mimi alikuwa ameshatimiza miaka kumi na zaidi akiwa mtu wa msimu. Mwembamba, mkali, mcheshi. Mimi natoka upande wa Mlali, na yeye aliamini kwamba watu wa Mlali hawajui kupika mlenda. Kila siku saa ya chakula alifunua kibakuli changu, akatazama ndani, akasikitika kwa sauti.

Yeye ndiye aliyenifundisha mshumaa.

Anayefanya kazi kwenye mvinyo anajua hatari yake haina kelele. Mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, ukiingia kwenye matangi unachemka wenyewe bila moto, na unapochemka unatoa hewa nzito isiyopanda juu. Inashuka, inatafuta chini, inatuama. Stoo ya chupa ilikuwa ngazi nane chini ya chumba cha matangi, haina dirisha. Wakati wa mavuno huwezi kushuka kule bila mshumaa.

"Mshumaa unatangulia, wewe unafuata," aliniambia. "Unaushusha ngazi kwa ngazi. Ukiona moto unakuwa mdogo, simama. Ukizimika, usiuwashe tena, wala usijiulize kwa nini. Toka."

Baada ya mwaka mmoja akanikabidhi mimi kazi hiyo. Nilimwambia, mama, mimi ni mwoga, nitawachelewesha watu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Shujaa ataona moto unazimika ajifanye hajaona."

Nilijisikia vizuri siku ile. Katika maisha yangu yote uoga ulikuwa umenipatia aibu tu, na sasa ulikuwa umenipatia kazi. Niliweka mshumaa na kiberiti kwenye mfuko wa aproni yangu, na kwa miaka saba hakuna mtu aliyedhurika mikononi mwangu.

Stoo hiyo ya chini ndiyo ilikuwa maficho yetu. Mlango wake uko nyuma ya rundo la kreti, mgeni hauoni mpaka aonyeshwe. Kwa bahati wakaguzi walizoea kuja wakati matangi yametulia. Siku ninayoizungumzia walikuja katikati ya mavuno, matangi yote yanachemka, chumba kizima kinanuka utamu uliochacha.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi uwanjani. Nilikuwa naosha kreti. Rimu ikalia mara tatu. Niliacha maji yanamwagika nikakimbia na wenzangu, na tulipofika kwenye mlango wa stoo nikawasha mshumaa, nikaanza kushuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, moto ulisimama vizuri. Ya nne ukaanza kutikisika. Ya tano ukawa mdogo.

"Hapa hapa," nikanong'ona. "Hakuna kushuka zaidi."

Lakini watu kumi na mmoja hawaenei kwenye ngazi tano. Walioko nyuma walikuwa wanasukuma waingie, msimamizi alikuwa anafunga mlango kwa nje, na wale wa mbele, mimi na mama wa Kibakwe, tukajikuta ngazi ya sita. Niliinua mshumaa juu usawa wa kifua. Moto ukapata nguvu kidogo. Mama wa Kibakwe alisimama nyuma yangu, ameniwekea mkono begani kama alivyozoea tukiwa gizani.

Tulisikia komeo na kreti zinasogezwa mlangoni, kisha hatukusikia kitu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilitazama moto tu. Ulikuwa unapungua kidogo kidogo, umekuwa wa rangi ya bluu chini, na kichwa changu kilianza kugonga. Niliogopa. Niliogopa kwa namna ambayo siwezi kuisimulia vizuri hata leo, maana nilikuwa naogopa vitu viwili kwa wakati mmoja na vilinivuta pande mbili. Mshumaa ulisema toka. Hatua zilizoanza kusikika juu yetu zilisema kaa.

Kisha tukasikia sauti ya mwanamke, sauti changa, yenye adabu.

"Na nyuma ya hizi kreti kuna nini?"

"Stoo ya chupa," meneja akajibu. "Msimu huu hapaingiliki, hewa yake mbaya."

"Nifungulie nione."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono, kreti zikauzuia. Mwanga mwembamba ukaingia juu ya vichwa vya wenzangu. Nikauona moto wangu pale kifuani, mdogo lakini moto, na nikajua akichungulia atauona. Akiuona atatuona. Akituona atatuandika.

Nikaupuliza.

Hakuna aliyeniambia niupulize. Ulikuwa haujazimika. Ulikuwa bado unawaka.

"Kuna mtu humu?" akauliza yule mwanamke.

Watu kumi na mmoja tulibana pumzi. Neno moja lingetosha, tupo, na mimi nilikuwa na mdomo kama wengine.

"Jamani, kuna mtu?" akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.

Mlango ukafungwa.

Tukabaki gizani bila mshumaa. Mimi niliyekabidhiwa mshumaa sikujua tena hewa imefika wapi, kama iko magotini au shingoni. Kuna mtu alianza kusali. Kuna mtu alianza kukohoa, tukamziba mdomo kwa kanga. Miguu yangu ilikuwa imelegea, na masikioni nilisikia mvumo. Msimamizi alipokuja kufungua, watu walitoka kwa fujo, kila mmoja anampanda mwenzake, na mimi nilipanda nao, nikampita hata mama wa Kibakwe. Mkono wake ukatoka begani kwangu. Nilisikia anaanguka nyuma yangu, ngazi hadi ngazi, na chupa zinavunjika.

Tulimtoa akiwa na fahamu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeuka vibaya kuanzia kwenye nyonga. Msimamizi akaniuliza ilikuwaje, mbona tumetoka kama walevi.

"Mshumaa ulizimika," nikasema.

Wote wakatikisa vichwa. Hewa nzito. Mshumaa ulizimika. Walinipa pole.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Msimamizi alikuwa ametuonya kwamba tukisema ameanguka kiwandani, kiwanda kitafungwa na sisi wote tutakula vumbi. Kwa hiyo muuguzi alipouliza mgonjwa ameangukia wapi, mimi nikajibu, nyumbani. Mama wa Kibakwe alikuwa amelala kwenye machela anatazama dari. Nilijichukia sana pale kwenye benchi la hospitali, lakini kesho yake rimu ilipolia mara moja nilikuwa getini na aproni yangu.

Kwa miezi miwili nilikwenda kumwona mara mbili tu. Nilimdanganya kwamba kazi zimebana. Mara ya tatu ni yeye aliyenitumia ujumbe niende. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka mlangoni mwa chumba alichopanga, magongo mawili yameegeshwa ukutani, mguu umenyooshwa mbele.

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, kama alivyofanya akiwa na jambo zito.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Hujaleta ule mlenda wenu?"

Nilijaribu kucheka. Akanieleza kwamba amekwenda ofisi ya kazi. Binti wa jirani ndiye aliyemsindikiza. Huko walimwambia kwamba mtu akiumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia, na kwamba miaka aliyofanya kazi ilipaswa kumwekea akiba ya uzeeni, hata kama alilipwa kwa siku. Alisema maneno hayo polepole kama mtu anayerudia kitu cha ajabu alichosikia njiani. Wakaandika barua kiwandani. Kiwanda kikajibu kwamba hakimfahamu.

"Hawanifahamu," akasema. "Mimi nimeingia pale uzio haujajengwa."

Nikatazama magongo pale ukutani.

"Wanataka shahidi. Mtu mmoja tu aseme alifanya kazi na mimi na siku ile tulikuwa wote. Nimewaambia mshumaa ulizimika wenyewe kwa ile hewa. Wewe njoo useme hivyo hivyo. Huna kosa lolote."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona naye anaogopa. Asipopata kitu atarudi Kibakwe kwa watoto wa kaka yake, akalale kwenye chumba cha kuazima, awe anasubiri chakula mkononi mwa watu. "Nimebeba kreti maisha yangu yote ili nisije nikasubiri chakula," alisema. "Sasa nitasubiri."

Nilimjibu nitafikiri. Nililala siku tano sijui hata nimelalaje. Nikienda, siitwi tena kazini, hilo halina mjadala, na nyumbani nina watoto watatu na kodi ya chumba inayopanda kila mwaka tangu mji uanze kujaa. Hiyo ilikuwa hofu moja. Nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Nikiketi mbele ya mtu mwenye kalamu akaniuliza ilikuwaje, nitasema nini? Kusema mshumaa ulizimika nilikuwa nimezoea. Lakini nilijua mdomo wangu. Ningeanza kulia, na nikilia nitasema yote, na yeye atakuwa ameketi pale ananisikiliza.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu siku ya sita nilimkuta mwanangu, yule niliyerudi naye kazini mgongoni, anacheza na wenzake uani. Walikuwa wanacheza kiwanda. Mmoja aligonga sufuria mara tatu, na mwanangu akakimbia kujificha nyuma ya pipa, akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mkono. Hakuna aliyemfundisha.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye mafaili mpaka kwenye dirisha. Mama wa Kibakwe alikuwa ameshafika, ameketi na magongo yake kwenye kiti cha ukutani, nyuma tu ya kiti cha shahidi. Nyuma ya meza alikuwa afisa wa kike, mdogo kwangu kwa umri. Alinisalimia, akanikaribisha kiti, na nilipoisikia ile sauti nikataka kutoka. Ilikuwa sauti ya pale mlangoni. Jamani, kuna mtu?

Naruka kidogo hapa niseme yaliyofuata baadaye, maana ndiyo watu huniuliza. Kesi ilikwenda miezi mingi. Mwishoni wenzetu watatu nao walikuja kusema, na kiwanda kikakiri. Mama wa Kibakwe alitambuliwa kuwa alikuwa mfanyakazi, mguu wake ukatibiwa vizuri, na mpaka leo anapokea kitu chake kila mwezi kwenye simu, na akipokea hunipigia kunitangazia. Wengine waliobaki pale wameandikwa. Mimi sikuitwa tena kazini, kama nilivyojua, na shauri langu la kudai haki zangu bado linazunguka meza kwa meza. Nakaanga maandazi. Mvinyo siutaki hata harufu.

Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo. Afisa alinisomea maelezo ya mama wa Kibakwe: kwamba rimu ililia, kwamba tulishuka, kwamba mshumaa ulizimika wenyewe kwa sababu ya hewa, kwamba alianguka gizani. Akainua macho.

"Unathibitisha?"

Nikasema ndiyo, alifanya kazi pale. Ndiyo, tulikuwa wote. Ndiyo, aliangukia mle.

"Na mshumaa?"

Nilitazama mikono yangu. Nikaikalia.

"Haukuzimika," nikasema. "Niliupuliza."

Kalamu yake ikasimama. "Nani alikuambia uupulize?"

"Hakuna mtu."

"Sasa uliupuliza kwa nini, dada?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Sikutaka kumjibu, maana alikuwa amenikarimu, alinipa maji, alimsalimia mama wa Kibakwe kwa heshima. Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, na mimi nikilia nasema.

"Nilikuogopa wewe."

Aliweka kalamu mezani. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile alisikia harufu ya utambi uliotoka kuzimwa. Aliisikia pale mlangoni. Meneja alimwambia umeme ulikuwa umekatika asubuhi, naye akaandika kwenye fomu kwamba amekuta wafanyakazi sita, akaondoka. Alisema harufu hiyo alikwenda nayo mpaka nyumbani.

Mimi sikuweza kugeuka upande wa ukuta alikokuwa mama wa Kibakwe. Nilisubiri magongo yasogee, nilisubiri anitukane, na alikuwa na haki. Nikamsikia anakohoa kidogo.

"Najua, mwanangu," mama wa Kibakwe akasema. "Nilikuwa nimekushika bega. Nililisikia linavyoinama."

Afisa akamgeukia. "Mama, kama ulijua, mbona ulituandikisha kwamba ulizimika wenyewe?"

"Ningesema ni yeye, angekuja?"

Afisa akavuta karatasi mpya, akaandika tarehe, akaniuliza jina langu kamili. Nililitaja. Mkono wa mama wa Kibakwe ulikuwa umeshafika begani kwangu, na niliposema jina langu hakuuondoa.